Wiki Mama Alipokuwa Kiziwi

Mama yangu aliamka kiziwi Jumatatu. Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, akapona.

Hospitali hakwenda, dawa hakunywa. Nilikuwepo, na ninawaeleza nilichokiona kwa macho yangu.

Jumatatu hiyo nilimwamkia kama kawaida. Shikamoo ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nikamgusa bega.

"Sisikii," alisema, kama mtu anayekwambia sukari imeisha.

Mama ni fundi cherehani. Anashonea chumba cha mbele, na mlango wake unatazama barabara, kwa hiyo kila mwenye miguu na stori huingia. Jirani yetu huja kupunguza suruali ya mumewe, akakaa mpaka mume mwenyewe anakuja kumtafuta. Mume naye anakaa.

Mama hajui kumwambia mtu toka. Anaitikia "ehe, ehe" huku anashona kola kinyume, wakiondoka anafumua.

Sasa uziwi huu ulikuja wakati mbaya. Jumamosi nilikuwa nasafiri kwenda kuanza kazi nchi ya mbali, mkataba wa miaka miwili, na mama alikuwa ananishonea koti la baridi. Nitamwachaje na hali ile? Nilimwonyesha kwa mikono kwamba twende hospitali. Akasema koti likiisha tutakwenda.

Nikajipa moyo kwamba angalau watu watapungua. Nani anapiga soga na kiziwi?

Waliongezeka.

Mtaa mzima uligundua kwamba hakuna mtu mzuri wa kumwambia mambo yako kama fundi asiyesikia. Jirani alimweleza kwamba lile gauni lake jipya, alilodai kuletewa zawadi na dada yake, halikuwa zawadi. Alilishonesha kwa fundi mwingine, na limemkaa vizuri kuliko yote aliyowahi kushonewa na mama.

Mama akaendelea kukanyaga cherehani, uso mkavu.

Mjomba, mdogo wake wa mwisho, alikiri kwamba mgongo wake haujawahi kuuma hata siku moja. Hapendi tu kubeba vitu. Hapo mama alijichoma sindano.

Mwalimu mstaafu wa mtaani naye alieleza yake, akalia kidogo, akajifuta kwa kipande cha kitambaa cha bitana, akaaga kwa heshima zote.

Mimi nilikuwa nazunguka na chai, nasikia kila kitu, roho inaniuma. Siku zinaisha, nami sijui kama niende au nibaki.

Alhamisi mchana wote wakaenda kula. Tukabaki wawili. Mama alikuwa amenipa mgongo, anashona.

Nikakaa nyuma yake, na yote yakanitoka.

"Mama, hii kazi sikuitaka. Niliiomba kwa hasira. Kila nikitaka kuongea na wewe nakuta mtu ameshakaa, unaniambia ngoja kidogo. Nimengoja tangu niko shule. Nikaona bora niende mbali, labda kwenye simu nitakupata peke yako."

Nilikuwa nalia, wala sikujificha. Hasikii, na nyuma hana macho.

Cherehani ikanyamaza.

"Rudia hapo mwisho," alisema bila kugeuka. "Cherehani ilikuwa inapiga kelele."



Kumbe masikio yake yalikuwa mazima tangu Jumatatu. Alitaka amalize koti mapema, siku zilizobaki akae na mimi. Kumfukuza mtu hawezi, akaona akiwa kiziwi watachoka wenyewe. Mimi hakuniambia kwa sababu, alisema, sina kifua. Hilo sikulipinga.

"Nilidhani una haraka ya kuondoka," alisema. Alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu.

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilikuwa na furaha mno.

Akainuka, akafunga mlango kwa komeo, mchana kweupe. Sikuwahi kuona.

"Haya. Anza mwanzo."

Nikaanza mwanzo. Watu walirudi kutoka kula, wakagonga, wakaita. Mara hii tulikuwa viziwi wawili.

Kesho yake niliikataa ile kazi kwa simu, mbele yake, kwa sauti ya juu. Nimepata nyingine hapa hapa, mshahara wa kawaida, sijuti.

Siku hizi mama hapokei wageni asubuhi. Wateja wanaleta nguo mchana, wanapimwa, wanaondoka. Jirani anasema masikio yamemrudia na maringo. Mjomba anabeba mitungi ya gesi bila kuombwa, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Ninachowaambia ni hiki. Muda wako ukiuacha wazi utakaliwa na yeyote, na wale unaowapenda watabaki wamesimama nje kwa adabu, wakisubiri uwaite.

Kama kuna mtu unataka kumsikiliza, funga mlango leo. Wengi wenu hamtaweza kuigiza uziwi kama mama yangu.