Muganga Anayepapasa Videvu

Muganga wa dispensari ya Mususa, mama wa makamo, akipima mgonjwa haanzi na ulimi wala macho. Anaanza na kidevu. Mwanaume akiingia akisema ana malaria, yeye humpitishia kidole gumba kidevuni taratibu, kama anayepapasa kitenge kabla ya kukinunua. Asubuhi moja ya vita, risasi zikilia mjini Beni, ilikuwa zamu ya Phinées, muuza chumvi, aliyeletwa na mke wake Kavira akidai ana malaria. “Ndevu unanyoa mara ngapi kwa juma?” muganga aliuliza, na benchi zima la nje likatega masikio. “Zamani kila siku. Sasa dimanche tu, siku ya kanisa,” Phinées akanong'ona. “Nguvu? Na bibi yako, unamukumbuka usiku?” Phinées akatazama dari. “Mama, ni masasi ya Beni. Inanimaliza hamu.” “Masasi iko Beni, papa, haiko ku kitanda yenu. Na kila kitu munaita malaria!”

Akamwandikia barua ya kupimwa damu hospitali, akieleza kwamba homoni ya kiume ikipungua humwibia mtu hamu, nguvu, hata ndevu, na kwamba huo si uchawi. Huku akieleza alijipepea kwa daftari la wagonjwa, jasho likimtiririka, na wengine wote wamejifunga makoti kwa baridi. Akafungua dirisha, akiilaani kwa joto mbabula, jiko la makaa la kuchemshia sindano. Kavira, aliyepita hamsini na kuyajua vizuri majasho hayo ya hedhi inapokoma, akaitazama mbabula. Ilikuwa haijawashwa. Akamsogezea muganga kiti, akamshika mkono. “Na hii malaria yako, mama, ilianza lini?”