Farumi Mkiani mwa Ndege

Ndege yangu niliiunda mwenyewe, kwenye banda langu la boti Chukwani, na shule niliiacha darasa la tano. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue anazungumza na nani. Boti za faiba zinazopeleka wageni kutazama pomboo Kizimkazi, nyingi zimetoka mkononi mwangu, na hakuna mashine iliyoingia Unguja ikanishinda. Ramani ya ndege niliinunua, mbao na kitambaa nikavitafuta, kurusha nikajifunza bara, kibali cha majaribio nikakihangaikia mpaka kikatoka. Ikabaki kuruka tu. Na mie kitu kikibaki kidogo, silali wala sikai.

Aliyenizuia ni rubani mstaafu wa Mji Mkongwe, mzee wa rika la marehemu baba yangu, aliyekubali kuja kuikagua.

"Shikamoo, Kepteni."

"Marahaba. Hii betri mbona iko mkiani?"

Nikamweleza kama fundi anavyomweleza mteja. Boti ya mashine lazima ielemee tezi, kule nyuma, ili omo, pua ya boti, inyanyuke ipande mawimbi. Omo ikiwa nzito inachimba maji. Basi na ndege nikaitilia farumi nyuma, uzito wa kuielemeza: betri, boksi la spana, na kipande cha mninga. Ilikaa pua juu, imejivuna, ukiitazama utadhani ishaondoka.

"Nzuri," akasema. "Itakuua."

Nikacheka. Yeye hakucheka, akachukua kofia yake akarudi mjini.

Nikawa kama niliyekalia siafu. Nazunguka banda, nawasha injini, naizima, naiwasha tena. Mke wangu akaniambia, "Weye, ama ruka, ama kaa ule. Wali unapoa." Nikachukua boksi la samaki, lile jeupe jepesi, nikachonga ndege ndogo mfano wa yangu, nikaichomeka msumari mkiani, nikenda nayo kwa mzee nimwonyeshe.

Tukapanda juu ya nyumba yake. Nikairusha. Ikainua pua, ikapanda, nikasema, "Unaona, Kepteni?" Ikasimama hewani. Kisha ikaanguka inazunguka kama pia mpaka uani kwa jirani.

"Nani huyo ananitupia taka?" sauti ya mwanamke ikatoka chini. "Nnaanika dagaa hapa!"

"Tuwie radhi, Bi mkubwa," mzee akamjibu. "Ni ndege ya fundi."

"Mwambie fundi akarushie kwao!"

Tukaifuata. Mzee akaung'oa msumari, akauchomeka karibu na pua, tukapanda tena. Alipoirusha iliinamisha pua kidogo, ikashika mwendo, ikavuka kichochoro vizuri kabisa.

"Sikiliza, yakhe," akaniambia. "Boti ikipunguza mwendo inakaa juu ya maji, inakungoja. Ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi, bawa linaacha kubeba. Injini inanguruma, lakini bawa halibebi. Hapo unataka pua ianguke yenyewe, ikurudishie mwendo. Ukitia farumi nyuma, pua haianguki. Bawa moja linatangulia, unaanza kuzunguka, na usukani hausikii tena."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka chini."

Nikenda Mwanakwerekwe nikaazima mizani tatu za kupimia magunia. Wenye maduka wakauliza nimevuna nini. "Ndege," nikawaambia, wakazidi kucheka. Mzee akaja bandani, mbili tukaweka chini ya magurudumu, moja chini ya mkia. Mzee anapiga hesabu, mie nahamisha betri. Spana na mninga nikavitoa. Tukapima, nikahamisha, tukapima tena, mpaka uzito ukakaa pale ramani inapotaka.

Siku ya kuruka, kwenye kiwanja cha majani kusini, akanishika bega. "Panda juu sana kwanza, halafu punguza mwendo ulijaribu hilo bawa linavyoachia. Ukiwa juu una nafasi ya kukosea. Likikuachia unapokata kona kuja kutua, huna."

Nikapanda mpaka minazi ikawa kama mboga. Nikapunguza injini, nikavuta usukani pole pole. Upepo ukafifia. Usukani ukalegea kama kijiko ndani ya uji. Ndege ikatetemeka, mara bawa la kushoto likaachia, ardhi ikanijaa mbele ya macho, inazunguka. Mkono wangu wote ulitaka kuvuta. Nikaukatalia. Injini nikaishusha kabisa, pedali ya kulia nikaikanyaga mpaka mwisho, usukani nikausukuma mbele, kuelekea ardhi ile ile iliyokuwa inanijia. Mzunguko ukakata. Upepo ukarudi kuvuma kwenye nyaya, nikanyanyua pua taratibu.

Nilipotua mzee alikuja mbio mbio, kofia mkononi.

"Iliangukia upande gani?"

"Haikuanguka, Kepteni. Iliinama kidogo tu."

"Bawa gani, nakuuliza!"

"Kushoto."

Akanitaka nimweleze mkono na mguu vilifanya nini, hatua kwa hatua. Nikamweleza.

"Basi rudi juu. Mara hii ukiisikia inatetemeka, sukuma papo hapo, usingoje bawa."

Nilikwenda kwanza kutafuta maji, na atakayesema ni woga aje anionyeshe ndege aliyoiunda yeye. Nikanywa maji nusu gilasi, nusu nyingine nikaimwaga, nikapanda, nikafunga mkanda.