Mwalimu Asiyedanganyika

Mtaani walimwita Kalamu Nyekundu. Alifundisha uraia miaka thelathini na miwili, na kustaafu hakukumwachisha kusahihisha. Uchaguzi wa diwani ulipokaribia, akawa anabandua karatasi za wagombea ukutani, anazisahihisha nyumbani, kisha anazirudisha zilipokuwa. Penye "Mtaa mzima uko nasi" aliandika: Nani kahesabu? Penye mgombea aliyepigwa picha amevaa koti la daktari: Huyu si anauza mabati?

"Hila kongwe hizi," alimwambia mkewe, fundi cherehani. "Wanakutisha, wanakusifu, wanarudiarudia mpaka uongo unaota meno."

"Sogeza mguu, umekanyaga kitambaa cha watu."

Muuza mabati hakukasirika. Jumamosi asubuhi alikuja mwenyewe, akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kusahihishwa."

Mwalimu alimsomesha saa nzima, naye akiandika kila neno daftarini. Alipoinuka kuaga akasema, "Wengine ni bendera hufuata upepo. Wewe, Mwalimu, hudanganyiki. Ningepata washauri wawili tu kama wewe!"

Alipotoka, mkewe Mwalimu alikata uzi kwa meno. "Hiyo si ndiyo ile ya kusifu?"

"Ile ni ya kusifia watu ovyo. Huyu kasema kweli."

Wiki iliyofuata Mwalimu alikuwa jukwaani pale sokoni, kipaza sauti mkononi, fulana yenye sura ya mgombea imembana tumbo hadi mgombea akaonekana kanenepa. "Mtaa mzima uko nasi!" Aliirudia mara tatu. Ya tatu akaiamini. Wanafunzi wake wa zamani walipiga makofi: Mwalimu akisema, nani atabisha?

Muuza mabati akashinda. Mwalimu alipokwenda kumpa ushauri, katibu alimwambia mheshimiwa yuko kikaoni. Mara ya pili, kikaoni. Mara ya tatu katibu alimuuliza, "Mzee, wewe ni nani vile?"

Alirudi nyumbani akamkuta mkewe anatia cherehani mafuta.

"Baba watoto, si ulizijua hila zote?"

"Nilizijua."

"Sasa?"

Mwalimu alikaa kitako. "Aliandika nilichosema. Saa nzima, mtu mzima, anaandika. Tangu nistaafu, nani mwingine kaandika?"

Mkewe alimtazama, akavuta kiti karibu naye.

"Haya, niambie mimi. Ila siandiki, mikono imejaa mafuta."