Minyoo Iliyozoea Pumzi

Mtunza minyoo wa maabara moja alilisha viumbe ambavyo hata jicho kali huviona kwa shida. Alivifuga kwenye visahani vya plastiki, na kila alipofunua kifuniko alibana pumzi. Minyoo ile haipendi hewa ya ukaa tunayoitoa puani; ikiinusa tu, inarudi kinyumenyume.

Nyumbani ndiko alikokosa pa kurudi nyuma. Tangu afiwe na mumewe alikaa chumba kimoja na dada yake, fundi cherehani, mtu wa kuzungumza nawe pua kwa pua.

"Mdogo wangu, hunisikilizi."

"Nitaachaje, Dada, na umenikalia mdomoni?"

"Basi rudia nilichosema."

Kwa hiyo mkuu wa maabara alipompa chumba nyuma ya jengo, hakujiuliza mara mbili. Dada alimkunjia shuka bila neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea. "Nenda, mwenzangu," alisema mlangoni. "Ukapumue."

Siku za mwanzo alilala fofofo. Kisha akaanza kuzungumza na birika. Chakula akawa anakiacha nusu. Naye Dada akatuma ujumbe: kuna mama anataka kupanga kitanda chako, kesho nampa jibu. Mtunza minyoo aliusoma, akaisukuma simu chini ya mto.

Kesho yake mchana mtafiti mmoja wa maabara alimwita kwenye hadubini. Alikuwa na minyoo iliyokuzwa ndani ya kasha lenye hewa ya ukaa nyingi, na sasa aliipulizia hewa ileile upande mmoja wa kisahani.

"Itakimbia," mtunza minyoo alisema.

Haikukimbia. Ilijikokota kuifuata.

"Imeacha kunusa?"

"Inanusa vizuri. Kichwani ina chembe mbili za neva za kazi hiyo. Tukiziharibu, haikimbii wala haifuati. Hii imekulia humo tu, ikazoea."

Akainama tena kutazama. Alikaa hapo mpaka mtafiti akamuuliza kama kuna tatizo.

"Hakuna. Leo naomba kutoka mapema."

Jioni alipiga hodi, godoro kichwani. Dada alifungua, tepu ya kupimia ikiwa shingoni, akamtazama tangu juu hadi chini.

"Yule mama umeshamjibu?" mtunza minyoo aliuliza.

"Alikuja asubuhi, nikamkataa."

"Kwa nini?"

"Anaongea mno."

Mtunza minyoo alitua godoro, akaketi juu yake, akapapasa nafasi ya pembeni. "Haya, Dada. Sogea unisimulie."