Vidole vya Dada

Dada yangu ni kiziwi, nami kwa siku tatu nilikuwa nikisafisha sauti ya video yake. Cheka tu, yeye mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini.

Alikuwa anaanzisha tovuti ya hadithi za watoto kwa lugha ya ishara, kwa ajili ya akina mama wenye watoto viziwi, wengi wao wapangaji kama sisi hapa Kayole, wenye simu ndogo na bando la kubahatisha. Kazi ya kubana klipu ili zifunguke bila kukwama alinipa mimi. Nikajiona fundi. Nilijaribu programu ya bure yenye vitufe, nikajaribu na ile ya kuandika amri, nikachagua ya vitufe kwa sababu faili ilitoka nyepesi na uso wa dada ukabaki msafi. Hata kelele za jirani anayechomelea mageti pale chini nilizifuta zote. Haki nilijivuna.

Mkaguzi alikuwa Mama. Dada alishaniandikia kwenye simu, maana ndivyo sisi wawili tunavyoongea: "Mama akielewa kwenye kasimu kake, wengine wataelewa. Asipoelewa, naacha kabisa." Hakuwa anatania.

Mama akavaa miwani, akaitazama klipu, akairudia. "Baba," akaniambia, ndivyo anavyoniita, "hapa mwisho anasema nini? Vidole vimekuwa uji."

"Lakini uso si unaonekana vizuri?"

"Wee! Kwani anaongea na uso peke yake?"

Nikatazama upya. Kumbe programu, ili kupunguza uzito, ilikuwa imeruka nusu ya fremu, zile picha moja moja zinazounda video. Mkono uko hapa, mara uko kule, katikati ukungu. Lakini kilichonichoma si programu. Miaka yote hii sijazoea kutazama mikono ya dada. Namtazama uso, kisha nangoja Mama anitafsirie. Niliona aibu, aibu ya kweli.

Dada akachungulia kompyuta, akaona mstari wa sauti ukicheza chini ya picha. Akauonyesha, akaandika: "Sauti hii ni kwa ajili ya nani?" Ndipo alipocheka, na Mama naye, jameni, hakunihurumia.

Nikaitoa sauti yote. Nikahamia ile programu ya amri, ambayo ningeweza kuiagiza isiruke hata fremu moja, na uzito uliokuwa umeliwa na sauti nikaupeleka kwenye vidole.

Mama akatazama tena. Klipu ilipofika mwisho akaiweka simu mapajani, akaanza kuijibu kwa mikono, ile simu, na dada amesimama kando yake. Kisha wakakumbatiana, nami nimekaa hapo kama mgeni.

"Dada amesema nini hapo mwisho?" nikauliza kwa mazoea.

Mama akapangusa miwani. "Muulize mwenyewe."

Sikuandika ujumbe. Nilirudisha klipu nyuma kidogo, nikaiga nilichoona. Kidole kwenye nyusi, hilo nalijua: ndilo jina la ishara ambalo dada alimpa Mama tangu utotoni, kwa sababu ya kovu la Mama hapo. Yaliyobaki yalinishinda. Dada akanishika vidole, akavipanga kimoja kimoja, halafu akaniandikia maana yake: "Mama, asante kwa kujifunza."

Nina miaka thelathini na minne. Nilipokosea alinipiga kofi dogo mkononi, tukaanza upya.