Mtaa Uliokula Moshi

Hebu niambie, haki iko wapi hapo? Tangu alipoolewa, Asta Bundgaard alianika mashuka meupe akaanua ya kijivu, kwa sababu mtaa wao wa Havnevej uko ubavuni mwa tanuri la makaa ya mawe. Tanuri hilo lilichemsha maji, maji yakapita mabombani chini ya ardhi, kila nyumba mjini ikapata joto. Masizi waliyapata Havnevej peke yao. Ejnar, mumewe, anakohoa mpaka leo.

Kwa hiyo chama cha joto, ushirika wa wenye nyumba wote mjini, kilipopiga kura kuachana na makaa, Asta alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Wakajenga uwanja wa vioo vya kuvuna jua ili lichemshe maji badala ya makaa, upande wa pili wa mji. Hongera zao! Halafu mwenyekiti Preben, bila haya, akatangaza kwamba bomba jipya litaishia kanisani, katikati ya mji. Havnevej sasa ni mbali, kuifikia hakulipi. Wajitafutie.

"Moshi tule sisi, jua mwote nyinyi?" Asta alifoka jikoni. "Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni!"

"Usigombane na Preben, mke wangu," Ejnar akasema huku akikohoa. "Wewe kapike kahawa yako ya mkutano wa chama, basi."

"Nitapika. Na wataikumbuka."

Huku Jutland mkutano bila kahawa si mkutano, na kila mwaka mmiminaji ni Asta. Ukumbi ulijaa. Akapita na birika, meza hadi meza, na maandazi ya mdalasini. Alipofika katikati, akageuza. Meza ya viongozi kule mwisho ikabaki na vikombe vitupu.

"Asta, umetusahau!" Preben akacheka.

"Sijawasahau. Huko mbali, bwana. Itapoa njiani, hailipi. Jitafutieni."

Watu wakaangua kicheko. Preben akatabasamu kidogo. "Haya, utani umekolea."

"Utani? Ejnar wangu ameharibika kifua ili nyinyi mpate joto, leo unataka alale na koti? Itisha kura, Preben. Sasa hivi!"

Preben akauliza, kwa sauti ndogo, nani anataka bomba lifike Havnevej. Mkono wa kwanza ulikuwa wa mkewe mwenyewe, aliyekaa meza za mwanzo na kikombe chake kimejaa. Kisha mikono yote ikainuka.

Asta hakushukuru. Utashukuru vipi kwa kupewa kilicho chako? Alichukua birika, akaenda kummiminia Preben. Kahawa ilikuwa imeshapoa, na Preben akainywa yote.