Bi Etelvina na Okidi za Juu ya Paa

Kabla sijasema lolote kuhusu Bi Etelvina Quirós, nikiri kwanza kwamba nilimdanganya kila siku kwa miezi mitatu, saa kumi na moja jioni, kwa ndoo ya maji. Mimi ni Ulises, fundi viatu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta hapa Barva, mji wetu wa milimani. Nina miaka sitini na miwili, na siogopi mbwa wala padri. Ninachoogopa ni ngazi. Kipago cha tatu sijawahi kukivuka.

Bi Etelvina si mtu wa hapa. Alizaliwa Guápiles, upande wa bahari ya Karibi, kule ambako mvua haina msimu, ni mwenyeji kama wenyeji wengine. Alipokuja kuolewa na Belarmino alikuwa na sanduku moja la nguo na vikapu vitatu vya okidi, na mama mkwe wake akasema siku ileile kwamba bibi harusi ameleta majani mengi kuliko masufuria. Okidi hizo ziko kibarazani mpaka leo. Kuna torito, anayoitundika kwenye kikapu cha waya kwa sababu maua yake huchomoza kwa chini. Yananukia vanila mpaka mtaani, na hayamalizi siku nne. Kuna mvua ya dhahabu, yenye viua vya njano vinavyotikisika hata mtu akipiga chafya. Halafu kuna guaria ya Turrialba, ya njano yenye mdomo mwekundu, hiyo ndiyo kipenzi chake, na mgeni akinyoosha kidole kuigusa hupigwa kofi la mkono kabla hajapewa kahawa. Ukimwomba ushauri wa okidi ya kuanzia nyumbani, atakuuliza kwanza una kivuli kiasi gani na unaamka saa ngapi. Zake zote anazimwagilia alfajiri, kila siku ya Mungu, nazo hazijawahi kumwangusha.

Okidi za juu ya paa zilikuwa za Belarmino. Ni guaria za zambarau, zilizopandikizwa na bibi yake kwenye vigae upande wa barabarani, zikatambaa mpaka zikafunika nusu ya paa. Kila mwezi wa tatu zilichanua zote kwa pamoja, na kila Ijumaa Kuu ndizo zilizopamba machela inayobeba sanamu ya Bikira Maria wa Mateso kwenye maandamano. Hapa kwetu nyumba iliyotoa maua ndiyo ambayo wabebaji huishusha machela mlangoni pake, na wenye nyumba wakasali pale karibu na Mama kuliko mtu yeyote mjini. Nyumba ile ilikuwa na heshima hiyo kabla mimi sijazaliwa. Belarmino mwenyewe sikumwona hata siku moja akizihudumia. Kiangazi kizima alilala kwenye bembea yake ya kamba, kofia usoni, na mkewe akimsema.

Belarmino akafa, na guaria zikaacha kuchanua. Sikukuu tatu za Pasaka zilipita bila ua. Na si kwamba mama wa watu alilaza damu! Alipanda ngazi kila jioni na ndoo, akiwa na miaka sabini na moja, na majani yakanawiri kama kabichi, lakini tumba hakuna.

"Ananinyima, Ulises," aliniambia mwaka jana, amekaa kwenye ndoo aliyoipindua. "Miaka arobaini namwita mvivu. Sasa ndiyo anajibu."

"Mtu akishakufa hana hasira, Bi Etelvina."

"Wewe humjui Belarmino."

Alicheka aliposema hivyo, lakini nilimwona akigeuza uso.

Bi Zeneida, msimamizi wa maua kanisani, alivumilia miaka miwili, ule wa tatu akanunua maua ya plastiki. Safari hii alitangaza mapema, hata Krismasi haijafika: kufikia wiki ya kabla ya Jumapili ya Matawi, ikiwa paa la Belarmino halina kitu, basi ni plastiki moja kwa moja, na machela haitashushwa tena mlangoni kwa mtu yeyote. Bi Etelvina aliitikia kwa kichwa tu. Wiki ile alianza kupanda na ndoo mbili.

Halafu, siku ya kupika tamali za Krismasi, zile za unga wa mahindi kwenye majani ya migomba, akateleza jikoni na sufuria mkononi. Sufuria ilipona, kifundo cha mguu kikavunjika. Daktari akamfunga plasta na kumwambia asahau ngazi mpaka mwezi wa tano. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta kitandani, plasta yote aliyopigwa hana habari nayo.

"Ulises, ndugu yangu, na zile za juu? Nani atazipa maji?"

"Mimi," nikasema. Mdomo ulitangulia, akili ikaja baadaye.

Jioni ile nilisimamisha ngazi barabarani. Kipago cha kwanza, cha pili, cha tatu. Pale nikakumbatia ukuta nikaanza kusali sala nilizofundishwa nikiwa mtoto. Nikashuka. Ndoo ilikuwa imejaa, na aibu ya kurudi nayo ilikuwa nzito kuliko maji, kwa hiyo nikayamwaga ukutani, pwaa!

"Asante, Ulises!" sauti ikatoka dirishani. "Nimesikia!"

Na mimi, mjinga, nikaitikia: "Karibu!"

Basi ikawa hivyo kila jioni. Ngazi nasimamisha kwa kelele, nakohoa kidogo, namwaga maji ukutani, naondoka. Siku moja Bi Zeneida alinifuma.

"Ulises! Unaimwagilia barabara ili iote nini?"

"Punguza sauti, dada, nakuomba."

"Mungu wangu, kumbe unaogopa! Mwanamume mzima na masharubu yako!"

"Usimwambie."

"Nimwambie kwa nini? Mimi plastiki yangu naiosha kwa sabuni, haina haraka."

Mwezi wa pili jua lilikuwa kali kwelikweli. Majani ya zamani yalianza kuanguka barabarani, nami nikayafagia kabla Bi Etelvina hajatoka na mkongojo wake. Nilitazama juu mara moja nikaona mashina yale manono yamekunjamana kama vidole vya mfua nguo. Tangu siku hiyo nikawa natembea nimeinamisha kichwa, nanyemelea mlango wangu mwenyewe. Nililala vibaya na nikashona viatu viwili vya mguu wa kushoto kwa mteja mmoja. Nilikuwa nimeua okidi za ukoo wa watu, tena kwa woga.

Siku ilipofika Bi Zeneida akaja, wakakaa kibarazani kwa kahawa na mikate ya jamu ya boga. Mimi niliitwa niwe shahidi.

"Etelvina, mwenzangu, nakuuliza kwa upendo. Zipo au hazipo?"

"Sijui. Plasta imetoka juzi tu. Ulises, niletee ngazi."

"Daktari alisema..."

"Daktari siye anayempamba Bikira. Niletee ngazi nikaone mwenyewe kama kuna hata tumba moja."

Alikwisha kusimama, mkongojo mkono mmoja, mkono mwingine umeshika nguzo, na mguu ule unatetemeka. Nilijua akipanda ataanguka, na akianguka kosa ni langu.

"Usipande," nikasema. "Huko juu hakuna kitu. Nimeziua. Sijazipa hata tone tangu Desemba. Naogopa ngazi, Bi Etelvina."

"Na yale maji niliyokuwa nayasikia?"

"Ukutani."

"Miezi mitatu unauogesha ukuta wangu?"

"Ndiyo."

Mkongojo ulinipata begani, halafu ukanipata tena palepale. Sikujikinga. Kisha akachechemea mpaka ng'ambo ya barabara, mahali paa linapoonekana lote, kuwaona maiti wake, Bi Zeneida nyuma yake, nami nyuma yao nikitazama viatu vyangu. Nikasubiri kilio. Nilichosikia ni Bi Zeneida.

"Etelvina. Hebu tazama."

Nikainua kichwa. Zile ala kavu zinazofunika matumba, za rangi ya karatasi ya sukari, zilikuwa zimepasuka, na kutoka kwenye kila moja yalikuwa yamesimama matumba, manne, matano, mengine saba, mamia kwa mamia. Karibu na ukingo wa juu, palipo na jua zaidi, mengine yalikwisha kufunguka, na zambarau yake ilikuwa ileile.

Bi Etelvina aliegemea mkongojo, akayahesabu matumba kwa kidole mpaka nikaingiwa na wasiwasi mpya.

"Belarmino aliniambia," akasema hatimaye. "Hospitalini, kabla hajafa. Alisema, zile za juu ziache, Etelvina. Nikadhani anayahurumia magoti yangu." Akajifuta pua kwa aproni. "Kwetu usipoipa okidi maji inakufa. Hizi kumbe zinataka kiu ndipo zichanue. Miaka mitatu nambebea maji mtu asiyeyataka, halafu nasema ananichukia."

"Kwa hiyo hakuwa mvivu?" nikauliza.

"Alikuwa mvivu sana. Lakini hakuninyima."

Akaketi ukingoni mwa barabara, mguu mbovu ameunyoosha, akalia na kucheka kwa pamoja mpaka Bi Zeneida naye akaanza. Mimi niliketi kando yake, bega linaniuma, na sijawahi kufurahia maumivu namna ile. Usiku huo nililala kama mtoto.

Alhamisi wapwa wa Bi Zeneida walipanda kukata maua. Ijumaa Kuu machela ikaja, Bikira kazungukwa na zambarau mpaka kiunoni, na mbele ya mlango wa Bi Etelvina wabebaji wakaishusha. Alisogea na mkongojo wake, akaweka mkono kwenye ubao wa machela, akafumba macho. Ngoma zikanyamaza. Dakika zikapita, jua linachoma, wabebaji wanatazamana. Bi Zeneida akamnong'oneza:

"Etelvina, watu wanangoja."

"Waache wangoje," akasema bila kufumbua macho. "Mimi nimengoja miaka mitatu."

Wakangoja.